Kidonda cha mgonjwa wa kiharusi nyumbani: muuguzi wa zahanati aishie wapi?

Muuguzi wa Milimani

Ndugu wauguzi, habari za kazi. Wakubwa zangu, shikamooni. Naomba ushauri juu ya jambo lililoninyima usingizi kwa wiki tatu sasa, nanyi mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu nikiyafupisha nitaacha mambo ambayo ndiyo hasa yanayonichanganya.

Ninafanya kazi katika zahanati ya kijiji kwenye milima ya Usambara. Tabibu wetu yuko masomoni, kwa hiyo tumebaki mimi na mhudumu wa afya mmoja. Nyumba nyingi za eneo letu zimekaa kwenye miteremko ambako bodaboda hufika wakati wa kiangazi tu. Masika yakianza, mtu hushukia barabarani na kumalizia safari kwa miguu kwa saa nzima au zaidi. Katika nyumba mojawapo nina mgonjwa, mzee wa miaka 71, aliyepata kiharusi miezi minne iliyopita, akapooza upande wa kulia na maneno yakapotea. Alilazwa hospitalini kwa siku 12, kisha akaruhusiwa akiwa na mpira wa mkojo, dawa za presha, na karatasi yenye mstari mmoja unaonihusu: aendelee na huduma ya kidonda katika zahanati ya karibu. Karatasi hiyo haikueleza kidonda kiko wapi, kina ukubwa gani, kilianza lini, wala mpira ule ubadilishwe lini.

Nilikiona kidonda chenyewe, kidonda cha kulalia, nilipomgeuza kwa mara ya kwanza. Kiko juu kidogo ya kifandugu, kinakaribia upana wa kiganja changu bila vidole, kingo zimechimbika kwa ndani, katikati pana ukoko mweusi uliolainika na pembeni utando wa njano. Juu ya hayo yote palikuwa pamenyunyizwa unga wa kapsuli za rangi mbili, ambazo mkwewe alikuwa akizifungua moja moja kila asubuhi kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ndivyo jirani alivyomwelekeza. Mama huyu ndiye anayemtunza mzee. Ana watoto watatu, ana shamba la mahindi upande wa pili wa bonde, na mume wake anafanya kazi Dar es Salaam.

Nimewaeleza wanafamilia kwamba mzee anapaswa kurudi hospitali ili kidonda kisafishwe na daktari. Wamekataa kwa upole. Waliuza ng'ombe kwa ajili ya kulazwa kule kwa kwanza, na mzee mwenyewe, ingawa hawezi kusema, nilipotaja hospitali aligeuza uso ukutani na kufumba macho.

Sasa nieleze kinachonitisha. Miezi miwili kabla ya hapo, kwa mgonjwa mwingine, mama mwenye kidonda cheusi cha kisigino, nilijaribu kukata nyama iliyokufa kwa mkasi nikiwa nyumbani kwake. Nilikuwa nimeona wenzangu wakifanya hivyo wodini. Nikagusa palipo hai, damu ikaja kwa wingi kuliko nilivyotarajia, nami nikakandamiza gozi kwa muda wa dakika 40 huku mjukuu wake akinimulikia kwa tochi ya simu, chaji ikiwa imebaki kidogo. Damu ilikoma na mama hakudhurika. Lakini njiani nikirudi nilijiuliza kama isingekoma ningempigia nani, na ni nani hasa aliyeniruhusu kufanya kile nilichofanya.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kujua mipaka yangu iko wapi ninapokuwa peke yangu chumbani kwa mgonjwa, ambako daktari hafiki na familia haitaki kuondoka. Nikimwacha mzee na ukoko ule, namwona akioza. Nikimkata, naogopa. Aidha, kila ninapokwenda huko, kina mama wa kliniki hunisubiri zahanati hadi saa nane mchana, na kiongozi wangu wa kazi ameshaniuliza mara mbili kwa nini nafunga chumba kwenda kumhudumia mtu mmoja.

---

Mkunga Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 36, mingi kati ya hiyo katika ngazi ya wilaya, na nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kuandika.

Nianze na kile kisigino, maana ndicho kinachokusumbua zaidi. Ukoko mweusi wa kisigino ulio mkavu, usiotikisika, usiotoa majimaji na usiokuwa na wekundu wala joto pembeni, huwa hauondolewi. Mwili wenyewe umeufanya kifuniko. Kazi ya muuguzi hapo ni kuinua mguu ili kisigino kisiguse godoro, kwa kuweka mto au kanga iliyokunjwa chini ya shavu la mguu, kupapasa mapigo ya damu juu ya wayo, na kuangalia kila mara kama ukoko umeanza kulainika au kunuka. Mguu usiopata damu ya kutosha ukiukata, umefungua kidonda ambacho hakina uwezo wa kupona. Kwa hiyo tatizo la siku ile halikuwa mkono wako kukosa wepesi. Kidonda kile hakikupaswa kukatwa kabisa, si na wewe wala na mwingine, mpaka mtu awe amepima mzunguko wa damu wa mguu. Nakuambia hivi ili ujue cha kuangalia wakati mwingine, sikulaumu.

Cha mzee ni tofauti. Ukoko uliolainika juu ya kifandugu, wenye utando wa njano, lazima hatimaye uondoke, lakini kuna njia za kuuondoa bila wembe. Unga wa kapsuli uache kabisa, kwa sababu hufanya tope juu ya kidonda, huzuia usione kinachoendelea, na huwazoesha vijidudu antibayotiki ambayo haifiki inakotakiwa. Haidrojeni peroksaidi na spiriti usitumie. Huunguza hata nyama mpya inayojitahidi kuota. Osha kwa salaini ukiwa na bomba la sindano la mililita 20, ukisukuma maji kwa nguvu ya wastani mpaka uchafu ulegee. Salaini ikiisha, maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisicho na mlima, yanafaa. Kisha jaza uwazi wa kidonda kwa gozi yenye unyevu, isiyoshindiliwa, ufunike kwa gozi kavu. Unyevu huo ndio utakaoulegeza ukoko siku hadi siku, na kile kilicholegea chenyewe ukiosha kitaondoka bila damu. Mpe paracetamol gramu 1 kama dakika 45 kabla ya kuanza, iwapo hana sababu ya kuizuia. Mgonjwa asiyeweza kusema huumwa kama mwingine yeyote. Tazama paji la uso wake na mkono wake wa kushoto.

Kuhusu mipaka, leseni uliyopewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga ni ya kwako binafsi, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inakutazama wewe, haimtazami aliyekutuma. Mimi nilikuwa nikiwaambia wauguzi wangu wajiulize mambo matatu kabla ya kushika kifaa: nimefundishwa jambo hili na kusimamiwa nikilifanya? Likiharibika hapa, ninacho cha kulirekebisha? Yupo mtu ninayeweza kumpigia sasa hivi? Jibu moja likiwa hapana, weka kifaa chini. Kukata nyama kwa mkasi katika chumba chenye tochi ya simu hakuvuki hata swali la pili. Tazama wenzetu wa Uganda: tangu mwaka 2004 wanawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini ya kunywa kwa wagonjwa wa nyumbani. Kwa hiyo mipaka ya muuguzi inaweza kusogezwa, lakini ilisogezwa kwa mafunzo na sheria. Haikusogezwa na muuguzi mmoja aliyezidiwa na huruma jioni.

Yako mambo ambayo huyajadili na familia: homa, wekundu unaotambaa kutoka kidondani, ngozi inayolia kama karatasi ukiibonyeza, kuchanganyikiwa kwa ghafla, mfupa kuonekana, au damu isiyokoma. Hayo ni rufaa ya siku ileile.

Na uandike. Pima urefu na upana kwa rula ya karatasi, pima kina kwa kijiti cha pamba kisafi, andika rangi, harufu, majimaji na kingo. Usiandike kwamba ni daraja la tatu au la nne, yaani madaraja ya vidonda vya kulalia vilivyozama, kwa sababu maadamu chini yake pamefunikwa na ukoko, kina chake hakijulikani. Andika hivyo hivyo, kwamba hakijulikani. Kiongozi wako anayekuuliza kwa nini unafunga chumba, mwoneshe karatasi hizo. Maneno matupu ya muuguzi kwamba mgonjwa ana hali mbaya hayajawahi kubadilisha ratiba ya mtu yeyote. Vipimo vya wiki nne vilivyoandikwa kwa tarehe vimewahi, nami nimeshuhudia.

Halafu mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.

---

Binti wa Tanga Mjini

Samahanini kwa kuingia katika mazungumzo ya wataalamu. Mimi si muuguzi. Nilimuuguza mama yangu nyumbani kwa miezi 14 kabla hajafariki, na kidonda cha aina hiyo nakijua kwa harufu yake.

Naomba niseme neno juu ya ile sentensi ya mwisho ya bibi yetu, nikiwa na heshima zote. Kila muuguzi aliyekuja kwetu aliniambia nimgeuze mama kila baada ya saa mbili, kisha akafunga begi lake. Nilikuwa na mtoto mchanga. Nilikuwa nikikaanga maandazi kuanzia saa kumi alfajiri, maana ndiyo yaliyotulisha. Wiki ya kwanza nilijitahidi, wiki ya pili nikashindwa, na wiki ya tatu nikaanza kuwadanganya wauguzi, kwa sababu nilihisi nikisema kweli wataniona sina upendo kwa mama yangu. Wao waliandika kwamba anageuzwa, na kidonda kiliendelea kukua.

Aliyenisaidia alikuwa muuguzi mmoja wa makamo ambaye siku ya kwanza hakugusa kidonda kabisa. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza siku yangu inaanzaje, nani analala chumba gani, ninamnyanyuaje mama, nani ananisaidia. Kisha akaniambia nimgeuze mbele yake. Aliona kwamba nilikuwa nikimburuta juu ya shuka, na kwamba huko kuburuta ndiko kulikokuwa kunachubua ngozi. Akanifundisha kutumia kanga mbili zilizokunjwa chini ya kiuno chake, tukiwa watu wawili, mimi na jirani, tukimwinua badala ya kumvuta. Halafu tukapanga pamoja kwamba nitamgeuza kila inapoadhiniwa, maana adhana siisahau na hainihitaji saa, na niongeze mara moja katikati ya asubuhi, mara moja ninapokwenda kulala, na mara moja ninapoamka usiku kumnyonyesha mtoto. Hazikuwa saa mbili mbili. Lakini zilikuwa za kweli, na kidonda kilianza kupungua.

Kwa hiyo, dada yangu wa milimani, huyo mkwe mwenye watoto watatu na shamba upande wa pili wa bonde, muulize siku yake kwanza.

---

Nesi wa Birmingham

Nimezaliwa Muheza, nimesomea uuguzi Tanzania, na sasa ni mwaka wa tisa nikifanya uuguzi wa majumbani hapa Uingereza. Nilichosoma hapo juu kutoka kwa huyu binti ningependa kila mwanafunzi wa uuguzi akisome.

Watu hudhani huku mambo ni mepesi kwa kuwa kuna magari na magodoro ya umeme. Godoro la kubadilisha hewa nikiliomba huletwa, ni kweli, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nikishaondoka, mgonjwa wangu hubaki na mke wa miaka 80 ambaye hawezi kumwinua, na yale niliyoyafanya kwa dakika 30 hufuatwa na saa 23 na nusu ambazo simo ndani ya nyumba ile. Kazi hii ilianza hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1859 mfanyabiashara wa Liverpool, William Rathbone, alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyekuwa amemtunza mkewe, ili awahudumie maskini majumbani mwao. Baada ya mwezi mmoja tu Mary alimrudia akilia kwamba hawezi kuvumilia shida anazoziona, naye Rathbone akamsihi aendelee. Huwa namkumbuka ninapokaa ndani ya gari baada ya kutoka nyumba fulani, nikishindwa kuwasha injini.

Juu ya kugeuza, ushahidi wa siku hizi hautulazimishi saa mbili kwa kila mtu. Mgonjwa aliye kwenye godoro zuri la sponji nzito, ambaye ngozi yake inavumilia, anaweza kukaa muda wa saa 3 hata 4. Aliye kwenye sponji iliyobonyea mpaka mbavu za kitanda zinamgusa, hawezi. Sukuma mkono wako, kiganja kikitazama juu, chini ya godoro mahali nyonga ilipo. Ukihisi mfupa wake umekukaribia, godoro hilo limekwisha, na hata likigeuzwa upande au kuongezewa jingine juu itakuwa nafuu kuliko dawa yoyote ya kupaka. Ngozi yenyewe ibonyeze kwa kidole mahali palipo pekundu. Wekundu ukipotea na kurudi, bado kuna muda; usipopotea, muda ulioweka ni mrefu mno, fupisha. Kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa joto, ugumu, na rangi iliyoiva kupita ya jirani yake. Wala mkwe asimlaze ubavu kamili, maana nyonga itatoboka. Amwinamishe kidogo, kiasi cha nyuzi 30, kwa mto nyuma ya mgongo. Pete za kukalia na kusugua mahali palipoiva, hapana.

Kitu kimoja kinachofaa na hakigharimu hata shilingi ni kipimo cha Braden, kilichochapishwa mwaka 1987 na wauguzi wawili wa Marekani, Barbara Braden na Nancy Bergstrom. Kinatazama mambo sita: hisia, unyevu, shughuli, kujigeuza, lishe na msuguano. Jumla ni kati ya 6 na 23, na mtu mwenye 18 kushuka chini yuko hatarini. Ukikifanya kwa kila mgonjwa wa kiharusi siku anayorudi kijijini, kabla ngozi haijafunguka, utaanza kuviona vidonda hivi vikiwa bado ni joto na ugumu tu chini ya kidole.

Uhakikishe pia anakula. Kidonda kile kinavuja protini kila siku. Maharage, dagaa, yai, maziwa, kwa kidogo kidogo mara nyingi, na kabla ya hapo hakikisha anameza bila kukabwa, kwa kumkalisha wima na kumpa kijiko cha maji huku ukimtazama koo.

---

Afisa wa Afya ya Jamii, Kwale

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Mengi yamesemwa, mimi nina mawili.

La kwanza ni ule mpira wa mkojo ambao kila mtu ameupita. Mzee huyu aliwekewa hospitalini, na mara nyingi mpira wa siku za kwanza za kiharusi hubaki kwa sababu tu hakuna aliyeuliza kama bado unahitajika. Ulizeni uliwekwa kwa sababu gani. Kama ilikuwa ni urahisi wa wodi, hana tezi dume iliyomziba, na mkojo hauharibu kidonda, kuna haja ya kujaribu kuutoa mahali ambapo mtu anaweza kumtazama kwa saa kadhaa na kuurudisha endapo atashindwa kukojoa. Ukiwa bado upo, jueni ni wa aina gani, maana wa mpira wa kawaida haukai muda mrefu kama wa silikoni. Mfuko ukae chini ya kiuno lakini usilale sakafuni. Na mkojo kunuka peke yake, bila homa wala maumivu, si sababu ya kumpa antibayotiki.

La pili ni upweke wako. Kwetu Kenya, tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mabegi yenye mashine ya presha, kipima sukari na kipimajoto, na mimi nawasimamia baadhi yao. Changamoto zipo, hasa malipo yanapochelewa. Hata hivyo, mhudumu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa mgonjwa huona mambo ambayo mimi siyaoni nikija mara moja kwa wiki. Kwenu mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024. Kama kitongoji hicho kimeshapata wake, mfundishe mmoja kuangalia dalili za hatari alizotaja mama yetu, akupigie. Kama hakijapata, hata mjukuu aliyemaliza darasa la saba anaweza kusoma kipimajoto.

Na familia ikikataa rufaa, hilo ni haki yao, mradi wameelewa. Andika ulichowaeleza, kwa maneno yao, walichojibu, na nani alikuwepo. Usiandike kwamba ni wakaidi. Mwachie mzee nafasi ya kujibu mwenyewe: muulize maswali ya ndiyo na hapana, abonyeze mkono wako. Aliyegeuza uso ukutani alikuwa amejibu, lakini hujui bado alijibu nini.

Tafadhali usirudi milimani peke yako jua likizama. Mwachie mtu jina la nyumba unayokwenda na saa ya kutarajiwa kurudi.

---

Muuguzi wa Milimani

Nimekaa siku 18 bila kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na jambo la kusema. Asanteni sana nyote, na mama yangu mstaafu, yale maswali matatu nimeyaandika ndani ya jalada la daftari langu.

Nilifuata ushauri wa dada wa Tanga. Nilikwenda Jumamosi, si siku ya kliniki, nikakaa jikoni na mkwe yule akichambua mboga, nikamuuliza siku yake. Akanieleza bila wasiwasi kwamba mzee anamgeuza kama alivyoambiwa hospitalini. Nikauliza mara ngapi. Akasema, kila saa mbili: saa mbili asubuhi kabla ya kwenda shambani, na saa mbili usiku watoto wakishalala. Hajawahi kukosa hata siku moja katika miezi yote hiyo. Aliambiwa kila saa mbili, naye alitii saa mbili. Nilishindwa kuendelea kuandika kwa muda. Tangu siku hiyo neno hilo silitumii tena na familia yoyote. Nasema asubuhi ukiamka, ukirudi kuteka maji, ukitoka shambani, nikitaja jambo baada ya jambo mpaka siku ijae.

Sasa mzee anageuzwa mara saba. Mjukuu mkubwa, mwenye miaka 16, humgeuza mchana mama akiwa shambani, pamoja na jirani. Godoro lilikuwa limekwisha kabisa, kama alivyosema dada wa Birmingham. Mkono wangu uligusana na mfupa. Mwana aliyeko Dar es Salaam ametuma jingine kwa basi, na vijana wanne wa kijiji walilibeba kichwani kutoka barabarani.

Naosha kidonda mimi mwenyewe mara mbili kwa wiki, na siku nyingine mkwe anaosha kwa maji ya chumvi huku nikiwa nimeshamtazama akifanya mara tatu. Sijakata chochote. Siku ya 11 kipande cheusi chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 kilitoka chenyewe na maji, na chini yake paliniogopesha kwanza, kisha nikaona wekundu wa nyama hai. Siku ya kwanza nilipopima kilikuwa sentimita 8 kwa 7. Jana kilikuwa 8 kwa 6 na nusu, kina sentimita 3 upande wa kushoto, ambako bado kumechimbika. Harufu imepungua kiasi kwamba watoto wameanza tena kula chumba kile kile na babu yao.

Kuhusu rufaa, nilimuuliza mzee kwa maswali ya ndiyo na hapana, akishika vidole vyangu. Hospitali aliyolazwa, hapana. Kituo cha afya cha kata, ndiyo, endapo mkwe atakwenda naye na kurudi siku ileile. Kumbe alichokuwa akikikataa ni kulazwa peke yake. Nimempigia tabibu wa kituo, amekubali kumpokea Jumatano ijayo asubuhi, autoe mpira, amtazame mpaka alasiri, na akiangalie kidonda kwa macho yake. Barua ya rufaa nimeiandika kurasa mbili. Vipimo vyangu vya siku zote 18 nimevinakili nyuma yake, na nakala nyingine nimeipeleka kwa kiongozi wangu. Ameisoma nikiwa nimesimama, akauliza kina cha sentimita 3 maana yake nini, nami nikamwonesha kwenye kidole changu. Amesema atamleta muuguzi wa kituo cha jirani anishikie kliniki siku za Alhamisi kwa mwezi mmoja.

Swali nililobaki nalo ni la kile kisigino. Ukoko bado ni mkavu, mapigo ya juu ya wayo nayapata kwa shida upande mmoja, na mama yule sukari yake haijawahi kupimwa. Vijiti vya kupimia vimeagizwa Bohari ya Dawa pamoja na oda ya robo hii. Je, nimsubirishe mpaka vifike, au nimpeleke naye Jumatano kwa gari lile lile?

---

Mkunga Mstaafu

Mpeleke Jumatano. Na kumbe miaka 36 nami nimekuwa nikiwaambia watu kila saa mbili.